Mafuta Majini na Mtumbwi wa Rubisi wa Ta Leonidas

Kabla hujashika chupa ya sampuli, kijana, nawa mikono. Na kabla hujanawa, niambie asubuhi umejipaka nini. Kama ni mafuta ya mgando, rudi kalale, maana siku yako ya kazi imekwisha kuharibika na jua halijapanda.

Naanzia hapo kwa sababu nyie mnaopita kwangu Kihanga na mabegi yenu mgongoni, mkiniuliza kazi zamani ilikuwaje, huwa mnataka niwaambie tulilala njaa. Hatukulala njaa. Karagwe hii mtu akilala njaa ametaka mwenyewe. Tulikula ndizi na maharage kwa kila aliyetukaribisha, na wengine hawakutukaribisha tukala vilevile. Shida yetu haikuwa tumbo. Shida yetu ilikuwa mikono michafu na midomo mirefu.

Kwenye makaratasi niliitwa msaidizi wa maabara. Barabarani watoto waliniita Mzee wa Chupa. Kazi yenyewe ni kubeba sanduku la chupa, kuingia kwenye tope kabla mwenye elimu hajaingia, na kumwambia kama pana ruba. Shule nilifika darasa la nne, na hilo la nne nilivushwa kwa sababu mwalimu alichoka kuniona la tatu. Kwa hiyo mkikuta humu jambo la kitaalamu limekaa upande, limesukumwa na mimi. Lililokaa sawa ni la Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa angeweza kuwa binti yangu. Kwao ni Kayanga mjini, ukoo wa wenye maduka ya vitambaa, babu yake alitokea pwani akapanda milima na majora ya kanga, akaona hapa panafaa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba sisi Wanyambo tukiongea mbele yake tulijiona kama tunaongea na ndizi ya moto mdomoni. Mimi nilimwita Bi. Yeye aliniita Felisiani, bila mzee wala nini, na siku akiniita "mzee wangu" nilijua nimekosea.

Yeye ndiye aliyenieleza hawa wadudu tuliokuwa tunawawinda. Nawaita wadudu, lakini si wadudu. Ni uchafu unaozaliwa kwenye mafuta na kwenye moshi. Kila kinachoungua nusunusu, nyasi, kuni, tairi, dizeli, kinautema. Jina lake ni refu kama treni, ni haidrokaboni fulani, na katikati kuna neno lenye maana ya kunukia. Nikamuuliza kama ni jamii ya udi. Akanijibu kuwa waliozipa jina walikuta baadhi zinanukia vizuri, na kama mimi napenda manukato ya namna hiyo nikasimame nyuma ya lori linalopanda mlima.

Jambo la kushika ni hili. Uchafu huo haupendi maji. Ukiingia majini unatafuta kitu cha kushikilia: tope, vumbi, mafuta, mzizi uliooza. Ndiyo maana mtu anaweza kuchota maji meupe, akayapima, akashangilia, na huku chini ya miguu yake kuna balaa limejilalia. Bi Mwanaidi alikuwa akisema maji ni msafiri, tope ndiye mwenyeji. Unataka habari za kijiji, unamuuliza msafiri?

Basi turudi kwenye mafuta ya mgando. Tulikuwa na dereva, Sospeter, mtu wa Kyerwa, mzuri wa sura na anayejijua. Alijipaka mafuta hadi nzi walikuwa wanateleza. Siku moja tulikwenda kwenye chemchemi ya juu kabisa, juu ya mashamba yote, mahali ambapo mashine ya karibu zaidi ni mbuzi. Mimi nilikuwa na jipu kwapani, Sospeter akanisaidia kushika chupa. Majibu yaliporudi, ile chemchemi ilikuwa imechafuka kama gereji. Tukarudi. Tukapanda kile kilima tukitafuta gari lililozikwa. Tukamhoji mchunga mbuzi wa watu, maskini, kama amewahi kumwaga dizeli, naye akauliza dizeli ni ya ugonjwa gani wa mbuzi. Tuko katika kushuka ndipo Bi Mwanaidi akamwona Sospeter akichovya kidole kwenye kikopo chake na kujisugua viwiko. Hakusema kitu hadi Kayanga. Tulipofika alimshukuru kwa kutuonyesha chanzo.

Tangu hapo chupa ikawa ya kioo, si ya plastiki, kifuniko hakiwekwi chini, na mkono wa Sospeter ukabaki kwenye usukani.

Kyerwa napo tuliwahi kwenda kwenye mto Kagera kwa boti ya injini. Sheria ni kwamba injini inazimwa, unachota kwa mbele, ukielekea maji yanakotoka, ili usipime mafusho yako mwenyewe. Nahodha akagoma kuzima. Alisema mto huu haumsubiri mtu, tukizima tutachukulia hizo sampuli Uganda. Bi Mwanaidi akamwambia azime. Akazima. Mto ukatubeba kweli, taratibu, na Sospeter akaanza kusali Baba Yetu kwa sauti kwa kuwa hakuwa na pasi ya kusafiria. Sampuli tulipata nzuri. Nawaambia hili ili mjue kuwa sheria ya kuzima injini ni ya kweli, ila mkague kasia kwanza. Sisi tulikuwa tumeliacha ufukweni.

Sasa nisikilizeni, nifike kwenye mtumbwi. Si wa majini huu. Ni ule wa rubisi, pombe yetu ya ndizi: gogo nene lililochongwa tumbo, ndizi mbivu zinamwagwa humo na nyasi, wanaume wanakanyaga hadi juisi inatoka, inachanganywa na mtama wa kukaanga, inafunikwa, na kesho yake mnaitana majina mazuri ambayo hamkupewa na wazazi.

Kilikuwa kijiji kimoja upande wa Chonyonyo. Kuna kijito kinashuka kutoka kilimani, kinakata barabara, halafu kinafika bondeni mahali wanawake wanapochota maji ya kunywa. Pale kinapokata barabara alikaa dada mmoja, Jeneroza, akiosha pikipiki za bodaboda. Mume wake alikwenda Kyerwa kwenye machimbo ya bati, akarudi na mke mwingine, na Jeneroza hakupigana na mtu. Aliwaachia nyumba, akachukua watoto na ndoo, akaja kukaa pale kwenye maji. Alikuwa anaosha pikipiki hadi unaweza kujinyolea ndevu kwenye tangi. Vijana walitoka hata Kayanga kumfuata.

Halafu kule bondeni maji yakaanza kuwa na ngozi. Ngozi ya rangirangi, kama shingo ya njiwa. Na harufu. Ugali ukipikwa unanukia gereji. Mwenyekiti wa kijiji, bwana mmoja aliyeitwa Projestus, mwenye koti la suti alilolivaa hata akikata mkungu, akaitisha mkutano. Kila mtu akasema anayemwaga mafuta kijitoni anajulikana. Jeneroza akapewa hadi mkutano unaofuata, aondoke na ndoo zake. Mtendaji, ambaye alikuwa na woga wa kisheria, akaomba kwanza watu wa maji waje wapime.

Walituita mvua ya kwanza ilipokwisha tu kunyesha. Bi Mwanaidi akakataa kwenda. Mwenyekiti alipiga simu hadi akachoka. Shikeni na hili: kiangazi vilima vyetu vinachomwa, kila mwaka, na ukimuuliza mtu nani amechoma atakuonyesha kilima cha jirani. Masizi yote yanakaa kwenye majani yakingoja. Mvua ya kwanza inayashusha mabondeni, maji yanakuwa kama chai ya rangi. Ukipima siku hiyo, alisema, utamtwisha mtu mmoja dhambi za wilaya nzima. Tukangoja vijito vijisafishe kidogo.

Tulipofika, Jeneroza alikuwa anasugua rimu. Akanipa shikamoo, nikaipokea. Hakulia wala hakujitetea. Aliangalia sanduku langu la chupa akasema, "Baba, hiyo chupa ikisema ni mimi, nitaondoka. Ila uiulize na mahali pa kwenda, maana mimi sipajui."

Nikajifanya natafuta ruba.

Tulianzia bondeni. Kwenye ile ngozi nilifanya mtihani wa kijiti, na huu ni mtihani wenu wa kwanza popote mtakapokwenda, hauhitaji cheti. Choma ngozi kwa kijiti. Ikipasuka vipandevipande kama barafu au kama ukoko wa chungu, na vipande vikabaki mbalimbali, hiyo si mafuta. Ni kutu ya ardhi yenyewe, imetengenezwa na vijidudu, na watu wengi wamesingiziwa kwa sababu yake. Lakini ikiachana halafu ikarudi kuungana, ikafunga kidonda chake yenyewe, hayo ni mafuta. Nikachoma. Ikaachana, ikarudi. Mwenyekiti aliyekuwa nyuma yangu akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyeshinda kesi.

Kisha tukapanda, tukichota tope. Unaingia kijitoni ukitazama kilimani, ili tope la miguu yako libaki nyuma yako. Chini kidogo ya Jeneroza nilikoroga kwa kijiti, vikapanda viduara vya mafuta. Mwenyekiti akakohoa tena. Bi Mwanaidi akaniambia nipande juu ya Jeneroza, hatua chache tu, pale ambapo maji hayajamfikia bado. Nikakoroga nikitegemea tope safi.

Vikapanda viduara. Vikubwa kuliko vya chini.

Nilitazama pembeni nikitafuta kikohozi. Hakikuja. Jeneroza alikuwa amesimama na brashi mkononi, anahesabu sura zetu. Bi Mwanaidi alitazama juu ya kijito, akakunja suruali yake mara nyingine.

Kwenye kona ya pili kijito kilikuwa na kidimbwi chini ya migomba, na ndani ya kidimbwi umezama mtumbwi wa rubisi, mrefu, mweusi, umelala kama mamba aliyeshiba. Ta Leonidas, mwenye migomba, akatoka na kibuyu kabla hatujapiga hodi. Kwa wageni wasomaji: Ta kwetu ni heshima ya mwanamume, baba wa watu. Na Ta Leonidas alikuwa baba wa kiu ya watu. Rubisi yake ilijulikana tarafa nzima. Watu walisema ina ladha fulani ya chinichini ambayo hakuna mwingine aliyeipata. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na kiti chake pale, kiti chenye mto.

Kwetu huwezi kukataa kibuyu. Unaweza kugusisha midomo tu, lakini kukataa ni kutukana mgomba na aliyeupanda. Bi Mwanaidi ni Mwislamu, akaletewa ndizi mbivu. Sospeter akanywa sehemu yake na sehemu ya Bi Mwanaidi, kwa ajili ya heshima. Mimi nilikunywa. Na ilikuwa nzuri, hilo lieleweke.

Bi Mwanaidi akamuuliza mzee, kwa adabu kabisa, kwa nini mtumbwi unalala majini. Mzee akafurahi, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kuhusu ufundi wake, wote huulizia kibuyu. Akaeleza kuwa gogo likikauka linapasuka, kwa hiyo baba yake alilizamisha majini kila baada ya kukamua, na babu yake vilevile. Lakini huu ulikuwa umepasuka hata hivyo, kwa uzee. Akauziba. Tukauliza aliziba kwa kitu gani. Hapo Ta Leonidas alijivuna kama bwana harusi. Walipojenga barabara ya lami, alisema, mapipa yalibaki na lami ya mabaki chini. Akaichukua. Lami peke yake ni ngumu, inameguka. Kwa hiyo akailainisha na oli chafu kutoka gereji za Kayanga, ile tunayopaka nguzo ili mchwa wasile. Akavipika pamoja juu ya moto wa kuni hadi vikawa kama uji, akapaka. Tangu siku hiyo mtumbwi haujavuja.

"Ulipaka nje au ndani?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Waitu, mwanangu, ufa una nje na ndani?"

Bi Mwanaidi akakitazama kikombe changu. Kilikuwa kitupu.

"Mzee wangu," akaniambia, "umekunywa ngapi?"

Majibu ya mashine yalichukua muda, kama kawaida yake, na muda wote huo Jeneroza aliendelea kuosha huku vitu vyake vimefungwa kwenye shuka, vimekaa kando ya barabara vikingoja. Nilipita pale na Sospeter, nikaliona lile furushi. Sikusimama. Ningemwambia nini? Kijiti kimesema, lakini mkutano hauchukui ushahidi wa kijiti.

Siku ya mkutano watu walijaa kuliko siku senene wanapoanguka. Bi Mwanaidi akasimama na kusema yote, na hakumficha mtu. Tope lina masizi, akasema, na hayo ni ya wanaochoma vilima, ambao wako hapa na wanajijua. Tope la chini ya Jeneroza lina mafuta ya pikipiki, na Jeneroza asijifanye malaika. Jeneroza akaitikia kwa kichwa. Lakini tope baya kuliko yote, baya mara nyingi, liko juu yake, chini ya mtumbwi wa kukamulia rubisi, na kutoka hapo linapungua kadiri kijito kinavyoshuka. Akaeleza lami. Akaeleza oli chafu.

Kukawa kimya. Nimewahi kusikia kimya cha msibani na kimya cha mtihani. Hiki kilikuwa cha wanaume wazima wakikumbuka wamekunywa wapi na tangu lini. Halafu mama mmoja huko nyuma akaanza kucheka, taratibu, mwenzake akadakia, na wanawake wote wakacheka hadi mwingine akakaa chini. Wao walikuwa wamelalamikia ugali mwaka mzima. Wanaume wao walikuwa wanaisifu ladha ya chinichini.

Mwenyekiti akavua koti. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuulizia rafiki, je, wale walioonja itakuwaje. Bi Mwanaidi akamjibu kuwa mashine yake inapima tope, haipimi mwenyekiti. Waache kuanzia leo, na anayejisikia vibaya aende hospitali aseme ukweli.

Basi hasira ikatafuta pa kwenda, ikaenda kwenye mtumbwi. Wakasema uchomwe. Ta Leonidas alikuwa amekaa muda wote amejiinamia, na aliposikia neno hilo aliinua uso, na nawaambia sikuwahi kuona uso kama ule isipokuwa kwa mtu anayezika. Ulichongwa na baba yake.

Bi Mwanaidi akasema hapana. Mkiuchoma huo, moshi utapanda na yote yaliyomo, yatakaa kwenye migomba yenu, na mvua ya kwanza itawarudishia kijitoni, safari hii bila mtu wa kumlaumu. Usichomwe. Utolewe majini, ukae mbali na kijito.

Ukae wapi? Nani anataka gogo la lami uani kwake?

Jeneroza akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza mkutanoni. Akasema, "Nipeni mimi. Uliweza kushika rubisi, oli itaushinda?"

Ulibebwa na wanaume wengi, na wote ni wateja wa zamani wa Ta Leonidas, wakiwa wamejipanga kama wabeba jeneza. Mahali pa kuoshea palisogezwa ng'ambo ya barabara, juu, mbali na kijito. Mbao zikawekwa juu ya mtumbwi, pikipiki zinapanda juu ya mbao, maji machafu yanashuka tumboni, na ndani Jeneroza alijaza maganda ya kahawa, ambayo Karagwe hayaishi, yanafyonza mafuta kama shemeji anavyofyonza supu. Yakilowa yanaingia kwenye pipa lenye mfuniko, na pipa linakwenda gereji Kayanga pamoja na oli yao chafu. Hayachomwi. Furushi lake lilifunguliwa kesho yake, shuka nikaiona imeanikwa.

Kule bondeni ngozi ilichukua misimu kadhaa kwisha, maana tope ni mwenyeji na mwenyeji hahami haraka. Nilikwenda mwenyewe na kijiti hadi siku kilipotoka na maji tu.

Ta Leonidas alichonga mtumbwi mwingine, haulali majini, anaufunika kwa majani mabichi ya mgomba na kuunyunyizia maji kila asubuhi kama mtoto mwenye homa. Rubisi ni safi. Wateja wanalalamika kuwa imepoteza ladha.

Lakini ule wa baba yake hakuusahau. Kila akitoka sokoni Kayanga anashuka kwenye bodaboda pale kwa Jeneroza, anasimama na fimbo yake, anautazama mtumbwi ukiwa umejaa oli na maganda, anatikisa kichwa. Mara ya mwisho nilikuwepo. Jeneroza alinyanyua mgongo, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Shikamoo, tata. Umekuja kuonja?"

Mzee aliinama, akanusa.

"Marahaba," akasema. "Bado haijaiva."